Ndugu Yangu wa Saruji

Nimefika umri wa kuwa na miwani ya aina mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea, na bado ninamwonea wivu kaka yangu. Kaka yangu alikufa katika vita vya Kagera kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo, tukisema kweli, simwonei wivu yeye, maana yeye amekwisha kupumzika. Ninaionea wivu sanamu.

Sanamu yenyewe iko katika bustani moja hapa mjini Tabora. Ni askari wa saruji, amesimama juu ya jukwaa la matofali, kofia ya chuma kichwani, bunduki kifuani, rangi ya kijani kuanzia shingoni hadi kwenye buti. Ilisimamishwa miaka michache iliyopita kwa kumbukumbu ya watu wa huku waliokufa vitani. Vita vipi, kibao hakisemi, na pengine ni busara, kwa sababu hakuna vita vilivyopita njia hii visiondoke na watu wetu. Babu zetu walimbebea Mjerumani risasi, kisha wakambebea Mwingereza anayemfukuza Mjerumani, na wapo waliofanya kazi zote mbili bila hata kubadilisha kata ya kichwani. Hao hakuna aliyewajengea hata choo. Huyu wa saruji ndiye amesimama kwa niaba ya wote, na mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Magoti hana. Fundi alishuka kutoka mapajani akaingia moja kwa moja kwenye buti.

Siku kitambaa kilipoondolewa, mama yangu alikuwa anapita tu, ametoka sokoni kununua bamia. Alisimama. Akaweka kikapu chini. Akasema, "Huyu hapa."

Sikuwapo. Wakati huo nilikuwa Dar es Salaam, nafundisha chuo na kuandika makala za kuchekesha katika gazeti. Habari hii nilipewa na jirani yetu wa mtaa wa Chemchem, mama mmoja wa Kigogo anayeuza chai na maandazi barazani kwake. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipokuwa wakikatiza nchi yao na pembe za ndovu kuelekea pwani, babu zake waliwatoza hongo kabla ya kuwaruhusu kunywa maji ya visima. Hongo hiyo yeye bado anaidai. Siwezi kupita mbele ya baraza lake bila mguu wake kunyooshwa njiani.

"Hongo kwanza, Mnyamwezi. Au babu yako alikwambia maji ya Ugogo ni ya bure?"

Basi niliporudi Tabora kuishi na mama, kumtunza kama nilivyowaambia watu, Alhamisi ya kwanza nilitoka chumbani alasiri nikakuta nyumba tupu. Nikaenda barazani kwa mtani.

"Mama yuko wapi?"

"Kaenda kwa mwanawe."

"Mwanawe si mimi?"

Alinitazama kuanzia kwenye kandambili hadi kwenye upara. "Wewe? Wewe ni mzigo, mtani. Mwana yuko bustanini."

Nilicheka, kwa sababu mtani akikuchoma huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatozwa faini. Lakini sentensi ile niliondoka nayo, na nikalala nayo.

Kumbukumbu zangu za kaka yangu ni chache na zote ni za chini, kwa kuwa nilikuwa mfupi. Nakumbuka viatu vyake, vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinatoa mwanga. Nakumbuka mikono ikinishika kwapani na dari ya mabati ikinijia mbio. Uso wake siukumbuki. Picha yake moja tuliyokuwa nayo ililiwa na mchwa pamoja na kipande cha ukuta ilipotundikwa, ikabaki fremu. Kaburi lake liko huko huko Kagera, na mama hajawahi kulifikia. Hivyo uso wa kaka yangu ulibaki mahali pamoja tu duniani, katika kichwa cha mama, na mama alikuwa ametazama ile saruji akasema huyu hapa. Nani angebisha? Angebisha kwa ushahidi gani?

Mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kubisha, na sababu yenyewe haikuwa ya kusemeka mbele za watu.

Hebu nieleze jinsi mambo yalivyokuwa. Nyumbani, mimi na mama tuliishi kwa amani ya watu wawili wanaopishana kwenye korido ya hospitali. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliniuliza nitakula nini, nikasema chochote, akapika ugali. Jioni nilimsimulia mambo ya ulimwengu, naye akasema, "Hata." Nikimpa makala yangu mpya, alivaa miwani, akaisoma yote kwa haki, mpaka jina la mpiga chapa, kisha akairudisha akisema, "Umeandika mengi." Siku nilipotoka haraka bila kumwamkia, ulimwengu ulisimama: huyu mtoto kasomeshwa adabu ikamtoka.

Alhamisi, hata hivyo, baada ya sala ya alasiri, alioga, akapaka udi, akavaa khanga iliyonyooka, akaenda bustanini kukaa kwenye benchi mbele ya mtu ambaye hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Na hakulalamika.

Nilimfuata. Sioni sababu ya kuficha. Nilinunua gazeti, nikakaa nyuma ya mjohoro mkubwa uliokuwa unaitilia kivuli ile sanamu, nikajifunika uso kwa ukurasa wa michezo, mimi ambaye sijui hata timu ya mkoa wetu inacheza daraja gani.

"Hujambo, baba," mama alisema, akivua viatu. Akasubiri kidogo, kana kwamba amejibiwa. "Na mimi sijambo. Miguu tu." Kisha akaanza. Akamwambia jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia madrasa wakati watoto wamefumba macho kwenye dua, akala mkeka, na ustaadhi alipofumbua macho akakuta amebaki na kipande cha kukalia yeye peke yake. Alimweleza mbuzi alivyotafuna. Aliigiza uso wa ustaadhi. Halafu akacheka. Mama yangu alicheka lile cheko la kifuani linaloanza kama kikohozi, likamtikisa mabega, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaitazama saruji na kusema, "Ungelikuwepo, baba!"

Miaka yote niliyolipwa kwa kuchekesha watu, sijawahi kulisikia cheko lile likielekezwa kwangu. Na yule mbuzi nilimwona mwenyewe! Nilikuwapo mtaani siku ile! Ningeulizwa, ningemsimulia mama mpaka rangi ya mkeka.

Wivu ukimwingia mtu aliyesoma hauji na jina lake, huja umevaa joho. Wa kwangu ulikuja umevaa kanzu. Ghafla nikawa mtu wa dini. Nilianza kujiuliza, kwa wasiwasi mkubwa, kama inafaa mwanamke Mwislamu, mtu mzima, kukaa na kuzungumza na sanamu hadharani. Nikajiambia ni wajibu wangu kama mwanawe wa pekee aliye hai. Nikaenda kumwona imamu wa msikiti wetu, mtu mpole mwenye duka la vitambaa, nikamkuta anapima kitambaa cha kuuza.

"Shehe, kuna jambo linanikera kuhusu mama."

Alinisikiliza mpaka mwisho huku futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Anaisujudia?"

"Hapana."

"Anaiomba chochote? Mvua, afya, mali?"

"Hapana, shehe. Anaisimulia habari za mbuzi."

"Mbuzi yule wa madrasa?" Akaanza kutabasamu, akajizuia. "Na wewe mara ya mwisho ulikuja msikitini lini?"

Nilisema kazi zimenibana.

"Nadhani Idi," alisema. "Ulikaa karibu na mlango. Sasa, ndugu yangu, nisaidie kushika hiki kitambaa upande huo, ukivute."

Nilikivuta kitambaa. Nikaondoka bila fatwa. Nilipopita barazani kwa mtani mguu ukanyooshwa.

"Nasikia umekwenda kuishitaki saruji kwa shehe."

"Nani kakwambia?"

"Mji huu una siri? Hongo! Mnyamwezi gani wewe, anashindana na mtu asiye na magoti?"

Mvua zikaja, na pamoja nazo upepo wa kutoka upande wa Urambo, ule unaobeba mabati ya watu. Asubuhi moja nilikatiza bustanini nikakuta tawi la mjohoro limeanguka. Lilikuwa limemkosa askari kifua, likamkosa bunduki, likampiga usoni. Kuanzia ukingo wa kofia mpaka chini ya kidevu palikuwa pameng'oka kama ukoko wa ugali, ndani zikaonekana nondo mbili na kipande cha waya.

Nilifurahi. Nimelitafutia neno la upole, sikulipata. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa mwalimu anaumwa. Nikapanga uso wangu vizuri njiani, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshatengeneza huzuni ya kutosha.

"Mama, kuna habari mbaya kidogo."

Aliniangalia, akachukua mwavuli, akatoka. Nilipomfikia bustanini alikuwa amekwisha kupanda jukwaani, mwanamke wa umri ule, kwenye matofali yenye utelezi. Alikuwa amevua khanga yake ya juu na anamfunika nayo sanamu kichwa chote, kofia kwa uso, akaifunga fundo shingoni. Alivyofunga nilijua anafunga sanda. Watu waliokuwa wakipita waliinua mikono kifuani, hata wasiojua ni nani. Mimi nilisimama chini nimeshika mwavuli wake ambao haukuwa unamsitiri yeyote, na ile furaha yangu ikabaki mdomoni kama kitu nilichokosa mahali pa kukitemea.

Askari alikaa na khanga ya mama mpaka mvua zilipokatika. Hakuna aliyethubutu kuifungua. Mama aliendelea kwenda kila Alhamisi, lakini hakuzungumza, alikaa tu. Na mimi, nyumbani, sikupata chochote cha ziada. Nilikuwa nimedhani yale mazungumzo yatarudi kwangu, kama maji yanavyotafuta mfereji mwingine ukiziba wa kwanza. Hayakurudi. Aliniuliza nitakula nini. Nikasema chochote.

Siku ya Mashujaa ilipokaribia, wakubwa wakakumbuka kwamba watakuja kuweka ngao, mkuki na mashada ya maua mbele ya askari aliyefunikwa khanga. Fundi yule yule aliyeitengeneza sanamu akaitwa kutoka Bukene. Alikuja na mwiko, ndoo na maneno mengi. Mama akasikia, akaenda, nami nikamfuata kwa kisingizio cha kumbebea mwavuli, ingawa kulikuwa na jua.

"Uso wa kwanza niliutoa kichwani mwangu, mama," fundi alisema, akigonga paji lake kwa mwiko. "Sasa kichwa hiki kimepitiwa na mengi. Nitawatolea mwingine, mzuri zaidi. Nitamtia masharubu."

"Masharubu hapana," mama alisema. "Mwanangu hakuwa na masharubu."

"Mwanao?"

"Nitakueleza alivyokuwa." Mama akanyoosha mkono, akafungua kinywa. "Pua yake ilikuwa..." Mkono ulibaki hewani. "Pua ya kawaida. Macho... macho mazuri. Paji pana kidogo." Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mama: hofu. Aliutafuta uso ule mahali alipouweka kwa miaka yote, na maneno ya kuutolea hakuwa nayo. Alimgeukia fundi, akaigeukia sanamu, akageuka nyuma, macho yake yakanikuta.

"Wewe," alisema. "Njoo ukae hapa."

"Mimi nina shughuli, mama."

"Shughuli gani?"

Katika maswali yote anayoweza kuulizwa mtu wa aina yangu, hilo ndilo baya kuliko yote. Nilikaa.

Nilikalishwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nimeelekezwa kwenye jua. Mtu wa kwanza kutokea, kana kwamba alikuwa ametumiwa salamu, alikuwa mtani, na birika lake la chai mkononi.

"Kaa wima, shujaa," alisema.

"Nimekaa wima."

"Umekaa kama gunia la tumbaku linalosubiri mnunuzi."

Mama hakumsikiliza. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu sana, akanishika kidevu akakigeuza kwenye mwanga. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika kidevu, ukiondoa daktari wa meno. Mikono yake ilinukia vitunguu na udi. Akapitisha kidole gumba juu ya mfupa wa shavu, polepole, kana kwamba anasoma.

"Fundi, tazama hapa. Huu mfupa ni wenyewe. Lakini nyama hii hakuwa nayo. Toa."

"Nitoe kwake au kwenye saruji?"

"Kwenye saruji. Kwake umechelewa."

Mtani akacheka mpaka chai ikamwagika. Mama akaendelea. Paji lile lile, alisema. Sikio lile lile, ila la kaka lilibana kichwani, hili limejitenga. Pua, ndiyo, pua ni ya kwao wote wawili, ya baba yao fundi cherehani, iliyokuwa inaingia dukani kabla yake. Kwa kila kitu alichokitaja alikigusa kwanza kwangu. Nilifumba macho. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada mbili, nimekalia ndoo bustanini mchana kweupe, watoto wa shule wamejaa kwenye uzio, na sikutaka amalize.

Hapo hapo nikajua pia kwamba hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Aliuokota mfupa wa shavu langu akaupeleka kwa mwingine. Alilichukua paji langu likapita. Babu zangu walibeba pembe za watu kutoka hapa mpaka baharini, na hakuna aliyewahi kudhani pembe ile ni yake kwa sababu ilikaa kichwani mwake. Mimi nilikuwa nabeba uso.

"Sasa cheka," mama aliamuru.

"Nicheke?"

"Kaka yako alikuwa mtu wa kucheka. Hata usingizini. Hata siku anapanda treni na wenzake alikuwa anacheka, mpaka baba yenu akamwambia mwanajeshi hachekicheki. Alikuwa akicheka mdomo unapanda huku zaidi." Akanigusa upande wa kushoto wa mdomo. "Hivi. Cheka, mwanangu, fundi aone."

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nilivuta mdomo ukapanda, ukashuka. Mtani alinitupia utani wake wote, hongo na visima na magoti, akaigiza ninavyotembea na mkoba. Watoto wa uzioni walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimemtazama mama, uso wake ulivyowaka akimtaja mtu anayecheka akipanda treni, na mdomo wangu ukawa mzito kuliko ile ndoo.

"Amenuna," fundi alisema.

"Ndivyo alivyo," mama alisema. "Basi fanya hivyo hivyo. Saruji itakauka."

Ikakauka. Fundi wa Bukene hakuwa fundi wa magoti, lakini kumbe nyuso aliziweza. Alipomaliza na kupaka rangi, watu walisimama wakatazama askari, wakanitazama mimi, wakatazama askari. Kulikuwa na paji langu. Kulikuwa na mifuko yangu chini ya macho, ambayo hakuna aliyekumbuka kumwambia aiondoe. Na kulikuwa na mdomo wangu, umeshuka pande zote mbili, mdomo wa mtu ambaye mwenzake ametangulia kupewa nyama. Siku ya Mashujaa wakubwa walifika, tarumbeta ikalia, mkuki na ngao vikawekwa, na watu wa heshima zao wakaupigia saluti wivu wangu.

"Mtani," aliniambia yule mama wa Kigogo tukiwa tumesimama nyuma kabisa, "hata adui akija, huyu hampigi risasi. Atamsusia."

Alhamisi iliyofuata mama yangu alioga, akapaka udi, akaenda. Alirudi kabla maji ya chai hayajachemka. Alhamisi ya pili hakutoka kabisa. Alikaa ukumbini kwenye mkeka, anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Mama, leo huendi?"

"Kufanya nini?"

"Kumsalimia... kaka."

"Nimekwenda nikamwangalia," alisema. "Nikakuona wewe. Na wewe nakuona hapa kila siku."

Basi nilikuwa nimeshinda. Nilisubiri ushindi uanze kuwa mtamu. Mpinzani wangu, aliyenishinda tangu niko chini ya meza nikitazama viatu vyake, nilikuwa nimemwondoa kwenye jukwaa lake bila kunyanyua mkono, nikapanda mimi. Na nyumba ikawa kimya. Alhamisi ikafuata Alhamisi. Mtaani mambo yalitokea, makubwa, yale ambayo mama angeyabeba wiki nzima kama mayai asiyavunje mpaka afike benchini: bwana harusi mmoja alizimia kabla ya kuulizwa kama amekubali, mbuzi yule yule alikula shada la maua la Siku ya Mashujaa. Mama aliyasikia. Hakucheka. Niliona yanavyoingia na kukaa ndani mwake bila mahali pa kutokea. Alianza kulala mapema. Aliacha kumalizia chakula. Nikaanza kumtamani kaka yangu arudi, kwa hasira ile ile niliyokuwa nikitamani aondoke, na kwa sababu nisiyoipenda: kumbe cheko lile la kifuani, hata lilipokuwa si langu, nilikuwa nikilifuata nyuma ya mti kila wiki.

Nilimwambia twende Kagera. Tupande basi, tulale njiani, tulitafute kaburi. Alisema miguu yake haifiki huko, na asingependa ifike nusu.

Alhamisi moja, baada ya alasiri, niliweka kiti mbele ya mkeka wake nikakaa.

"Niambie mimi, mama."

"Nikwambie nini?"

"Yale unayomwambia kaka."

Alipepeta ungo, akauweka chini. "Kwako haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Wewe unajibu."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu zuri, lenye sehemu tatu. Nililiona linapanda kooni, nikalimeza. Nikaweka mikono magotini. Nikanyoosha mgongo. Nikatazama ukuta, pale ilipokuwa picha. Mama alinitazama, akasogeza ungo kando kabisa, akavua kandambili zake.

"Hujambo, baba," alisema, na sikujua anamwambia nani. Nilinyamaza. "Na mimi sijambo. Miguu tu."

Akaanza na bwana harusi. Alisema alizimia msikitini, na mimi nilikuwapo, alizimia nje, kwenye ngazi, akiwa anatafuta viatu. Nilijiuma ulimi. Alisema ni kwa sababu ya joto. Mtaa mzima unajua ni kwa sababu ya mama mkwe. Nikauma zaidi. Akaja kwa mbuzi, na alipofika pale mbuzi alipomaliza maua akaanza utepe, mabega yake yalitikisika, kikohozi kile kikaanza kifuani, kikafunguka, na nyumba nzima ikakisikia. Nilitazama ukuta. Machozi yalikuwa yananishuka, na sanamu hainyanyui mkono kujifuta.

Akapumzika. Akachukua punje ya mchele kwenye mkeka akaiviringisha vidoleni.

"Mdogo wako amerudi," alisema, sauti imeshuka. "Ana mwaka wa pili sasa. Anasema amekuja kunitunza. Nadhani kazi ilikwisha huko, lakini hajaniambia, na mimi simuulizi. Nikimuuliza ataona aibu, na akiona aibu ataondoka. Wewe nilikuuliza siku ile, nikakwambia baba, ni lazima uende? Ukacheka, ukapanda. Huyu simuulizi kitu. Namuuliza atakula nini, basi."

Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba uliokuwa unashuka kutoka kwenye msumari. Niliufuata kwa macho mpaka chini, nikarudi juu, nikashuka tena.

"Anakula vizuri, alhamdulillahi," mama aliendelea. "Ni mtu wa kununa, tangu mdogo. Nikimbeba mtoto wa jirani, alikuwa analia yeye. Lakini mlango unapofungwa jioni namsikia anakohoa chumbani, nalala. Unanisikia, baba?"

Nikatikisa kichwa kwamba namsikia.

"Usitikise," alisema mama, akavuta ungo wake.